Kumuoza Zuwena Salala, kwa Gari la Umeme

Asubuhi ile ya Alhamisi, mbele ya gereji yangu Wadi Kabir, hapa Omani, walikuwepo hawa: mimi Khalfan, mdogo wangu Badria, anayefanya kazi benki Ruwi, Bi Shamsa, dada mkubwa wa marehemu mama yetu, ambaye sote tunamwita Mamkubwa, na ami yetu Nassor, ndugu wa baba, aliyetoka kwake Qurum kuja kutuaga kabla ya kupanda ndege ya saa sita. Zuwena, mdogo wetu wa mwisho, hakuwepo. Yeye ni muuguzi Salala, kilomita elfu moja kusini, na ndiye tuliyekuwa tukimfuata. Kesho yake, Ijumaa baada ya sala ya alasiri, alikuwa anaolewa.

Nikaha ilipangwa kufungwa kule kwa sababu mama wa bwana harusi ni mgonjwa na hawezi kusafiri. Mamkubwa naye hapandi ndege, na hakuna wa kumbembeleza akakubali. Kwa hiyo ilikuwa lazima gari liende, na mimi nilishaapa kwamba litakalokwenda ni langu.

Kwa watu wetu mwanamke huozwa na walii wake, na baba akiwa hayupo, kazi hiyo ni ya kaka. Walii akikwama anaweza kumwakilisha mtu mwingine, yaani kumfanya wakili wake, kwa neno moja tu, hata kwenye simu. Neno hilo mimi sikutaka kulisema. Wazee wetu walifariki ndani ya mwaka mmoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, Badria tisa, Zuwena minne. Ami Nassor alishauri, na naamini alikuwa na nia njema, kwamba wasichana wagawanywe: mmoja akae kwake, mmoja apelekwe Nizwa kwa jamaa. Nilikataa. Niliacha shule, nikaingia gereji kufagia na kushika taa, Mamkubwa akahamia kwetu, tukabaki nyumba moja. Umeme wa magari niliujua kwa kushika na kuungua. Leo gereji ni yangu, Badria ana shahada, Zuwena anavaa sare nyeupe. Nilitaka kumuoza kwa mkono wangu mwenyewe.

Gari lenyewe nililinunua likiwa limegongwa ubavuni, watu wa bima wameshalikatia tamaa. Nililifungua lote, nikalirudisha kazini, na mwaka wa pili huu linanipeleka kila mahali mjini. Lakini safari ndefu kama hii lilikuwa halijafanya, na ami alijua.

"Khalfan," alisema, akigonga bodi kwa kidole, "hii ni redio yenye magurudumu. Betri zikiisha utaitikisa?"

"Na ndege yako ikichelewa, ami, utaitikisa?" Badria alimjibu, huku akipanga mikoba.

Ami alicheka. Kisha akanishika bega na kusema kwa upole, "Usipowahi, mimi nitakuwa kule. Niwakilishe tu, nitakuozea."

"Nitawahi, ami," nilisema. Tukaondoka saa kumi na mbili na nusu.

Nizwa tulifika kabla ya saa tatu. Kwa wasiowahi kuliendesha, niseme kwamba gari la umeme halina ngurumo. Unasikia upepo na matairi tu. Mamkubwa, aliyekaa nyuma na chupa yake ya chai ya zaatari, alitega sikio, kisha akasema, "Mbona kama tunasukumwa na majini?" Nilimwambia majini hayatoi risiti, na nikamuonyesha ankara ya umeme wa nyumbani ya mwezi uliopita. Pale Nizwa tulichomeka gari, tukanywa chai, tukala sambusa alizozikaanga Badria, na kabla hazijaisha betri ilikuwa imejaa vya kutosha.

Mji wa Adam ndio mwisho wa mitende. Baada ya hapo ni jangwa tupu, njia imenyooka, na mbele ya macho lami inameremeta kama imemwagiwa maji. Kipimo kilionyesha nyuzi arubaini na nne. Joto linakula betri, kwa sababu kiyoyozi nacho kinakunywa umeme. Kwa hiyo nilikwenda kwa hesabu, nikasimama njiani mara moja kuchaji, na Haima, tulikopanga kulala, tuliingia kabla ya jua kuzama bila mtu kutokwa na jasho. Nilimpigia Zuwena. Aliuliza, "Mmekula?" Hilo ndilo swali lake tangu mdogo, wala hajui kuuliza jingine.

Haima, asubuhi ya Ijumaa, betri ilikuwa mia kwa mia. Mwenye hoteli alinipa namba ya simu ya kituo kimoja kilichoko kiasi cha kilomita mia mbili na hamsini mbele. Jina lake sitalitaja, maana kosa lililofuata halikuwa lao.

Lazima nieleze neno moja. Nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili cha Unguja, lakini hatusemi gari linachajiwa. Tunasema linatiwa shahan, neno tulilolichukua kwenye Kiarabu cha hapa Omani. Simu inatiwa shahan, gari linatiwa shahan. Basi nilipiga ile namba, akapokea mtu ambaye Kiarabu chake kilikuwa kile cha kazini, cha mtu aliyekuja kutoka mbali kutafuta riziki. Nilimuuliza kama kwao kuna shahan. "Fi, fi," alinijibu. Ipo, ipo. Nikamuuliza ni shahan kubwa au ndogo, yaani ile ya haraka au ya polepole. "Kabir, saghir, kullu fi." Kubwa, ndogo, yote ipo. Na leo Ijumaa mtu anaweza kupata? Anaweza, karibu.

Nilikata simu nikiwa nimeridhika kabisa. Tukatoka saa moja na nusu.

Njiani, kabla ya katikati, tulipita kituo chenye mashine ya kuchaji. Magari matatu yalikuwa kwenye foleni, familia zinakwenda Salala kwenye baridi ya khareef, msimu wa ukungu na manyunyu wa kule, watoto wamekwishashuka wanarushiana mchanga. Betri ilikuwa asilimia hamsini na nne.

"Tusimame, kaka," alisema Badria.

"Kusubiri watu watatu ni zaidi ya saa mbili. Mbele kuna kubwa na ndogo."

"Umeambiwa na nani?"

"Nimepiga simu."

Nikakanyaga, nikamwongezea Mamkubwa ubaridi, nikaenda kama mtu anayejua anakokwenda.

Saa nne kasoro dakika chache tulifika, na asilimia saba. Kulikuwa na geti, mizani ya malori, uwanja mkubwa wa changarawe na malori yamejipanga kama ng'ombe mnadani. Mashine ya kuchaji sikuiona. Badria alikuwa akisoma bango lililokuwa juu ya geti, akarudia mara ya pili kwa sauti.

"Kaka, hapa pameandikwa shahan na tafrigh."

"Si ndiyo hapa?"

"Shahan ya mizigo. Kupakia na kupakua." Akanigeukia. "Kubwa, ndogo, yote ipo. Hawakukudanganya."

Neno ni lile lile moja. Kiarabu kinalitumia kwa betri na kinalitumia kwa shehena, na mimi niliyelitumia maisha yangu yote kwenye betri sikuwahi kufikiri lina kazi nyingine. Mtu wa mizani alikuja mbio na daftari, akiangalia buti la gari letu, akauliza mzigo uko wapi. Badria ndiye aliyemjibu kwa Kiswahili, akijua hataelewa: "Mzigo ni huyu anayeendesha."

Nilikaa kwenye usukani nikapiga hesabu. Thumrait, mji wa mbele, ulikuwa kilomita mia na thelathini. Asilimia saba haifiki hata robo. Kumpigia mtu wa kuvuta magari Ijumaa, katika joto lile, ni kufika Salala jioni. Nikaha ilikuwa baada ya alasiri. Niliona wazi kwamba sitawahi, na kwamba nimejifungia mlango mwenyewe kwa kuipita ile foleni.

"Sasa nyinyi mmepotea ama mnatafuta mzigo?" ilisema sauti kwa Kiswahili. Alikuwa mtu mrefu, ovaroli ya buluu, bisibisi mfukoni. Alijitaja kuwa anaitwa Barasa, mtu wa Bungoma, Kenya, fundi wa makontena ya barafu pale uwanjani. Alikuwa amemsikia Badria.

Nilimweleza. Alilizunguka gari, akachungulia mahali pa kuchomeka.

"Kumbe hii ni gari ya stima?"

Mamkubwa akateremsha kioo. "Stima gani, baba, huku jangwani? Bahari iko wapi?"

"Stima, mama. Ya waya."

"Anakusudia umeme, Mamkubwa," alisema Badria.

"Sisi kwetu Unguja stima ni meli ya moshi. Nnakuona mtu mzima, nkasema labda jua limekuingia."

"Kwetu Bungoma meli hatuna, mama," alisema Barasa. "Tuko na stima ya waya tu, na hiyo pia hupotea ikinyesha."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshaona kitu. Kwenye ukuta nyuma ya Barasa kulikuwa na safu ya soketi nyekundu kubwa, zile zinazowasha makontena ya barafu. Umeme wa nyaya tatu, nguvu ya kutosha. Na mimi safarini sitembei bila waya wangu na plagi zangu za kubadilisha. Nyekundu ile ninayo.

Barasa aliyafuata macho yangu. "Hapana," alisema, "si yangu hiyo." Kisha akaniuliza nakimbilia nini. Nikamwambia ninakwenda kumuoza mdogo wangu, na kwamba baba hatuna. Alitoa simu, akampigia msimamizi wake, akaeleza kwa Kiarabu cha kukatakata lakini nilisikia neno nikaha mara tatu. Alipokata alisema: "Namba saba iko wazi hadi saa saba. Saa saba lori ya samaki inafika kutoka Duqm, inataka hiyo nafasi. Ikifika, unatoa."

"Ikifika natoa," nilisema.

Tulichomeka pamoja. Taa ya gari ikawaka kijani, na kipimo kikaanza kupanda, polepole lakini hakikusita. Barasa alitutia kwenye chumba chao cha mapumziko, akampa Mamkubwa kiti chenye mto. Yeye na mimi tulisimama kivulini karibu na gari. Aliniuliza maswali ambayo wateja wangu hawaniulizi: betri inapoozwaje, inajuaje imejaa, mtu anaikataje asife. Nilimjibu yote. Nilipotoa pochi, aliirudisha kwa mkono.

"Stima si yangu, nitauzaje? Lakini kuna kitu nataka. Hapa wanasema malori madogo yatakuja ya stima. Mimi najua friji tu. Nifunze hii."

"Ndugu yangu, mimi shule niliacha darasa la tisa. Sina cheti hata cha baiskeli."

"Mimi sitafuti shule. Natafuta mtu mwenye ameshika."

Katika maisha yangu nimesifiwa mara chache, na sikumbuki sifa iliyoniingia kama ile. Nilimwambia akipata likizo aje Wadi Kabir, atashika betri kwa mikono yake mwenyewe, na hataondoka mpaka aijue. Tulipeana mkono.

Saa sita na dakika tano lori la samaki likaingia getini, mapema kuliko lilivyosemwa. Gari letu lilikuwa asilimia arubaini na saba. Barasa aliangalia lori, akaniangalia mimi, akasema dereva anaweza kuombwa asubiri kidogo. Nilitaka kukubali. Lakini maneno yangu yalikuwa yamekwishatoka, na samaki wa watu walikuwa juani. Nilichomoa.

Kutoka pale hadi Thumrait nilizima kiyoyozi, nikashusha vioo, nikaenda mwendo wa themanini, malori yakitupita yakipiga honi. Mamkubwa alifunga mtandio mbichi kichwani na kujipepea kwa kadi ya harusi. "Nshaona joto kubwa kuliko hili," alisema, "na hilo halikuwa na harusi mwisho wake." Badria hakunitania tena, alishika simu na kunisomea kilomita. Nilikuwa na hofu, sikatai, lakini mikono ilikuwa imetulia. Gari hilo nalijua kila waya.

Saa nane tulikuwa Thumrait, asilimia kumi na saba. Kwenye mashine kulikuwa na foleni ndefu kuliko ile ya mwanzo. Tulisali adhuhuri na alasiri pamoja, kama wasafiri, na nilipokuwa navaa viatu ami alipiga simu.

"Uko wapi, Khalfan?"

"Thumrait, ami."

"Bado mlima wote. Sikiliza, mwanangu. Mama wa kijana ametolewa hospitali kwa muda mfupi tu, lazima arudishwe. Sheikh hawezi kusubiri mpaka magharibi. Sema neno, niwakilishe, uje kwa raha zako."

Alikuwa na haki, na hakuna dhihaka iliyokuwemo kwenye sauti yake. Nilimwambia: "Ami, ikifika saa kumi na nusu sijaonekana, nimekuwakilisha, muoze, na Mungu akulipe. Kabla ya hapo sijakuwakilisha."

"Saa kumi na nusu," alisema.

Nilimtazama Badria. "Asilimia kumi na saba zinafika kileleni," nilimwambia. "Na kuteremka, gari linajitia shahan lenyewe."

"Hiyo ni shahan ya betri, sio?"

"Ya betri."

"Basi twende."

Njia inapanda taratibu, huioni kwa macho lakini betri inaiona. Kumi na mbili. Tisa. Sita. Mara joto likakatika kama mtu kafungua mlango wa chumba cha baridi: nyuzi arubaini, thelathini na tatu, ishirini na sita. Ukungu ukaanza, kisha manyunyu, na majani mabichi pande zote mbili za njia, ngamia wamesimama ndani yake hawana habari. Kileleni kipimo kilisoma nne, na mbele yetu kulikuwa na msururu wa magari ukiteremka hatua kwa hatua, taa zote zimewashwa.

Hapo ndipo gari langu lilipoonyesha lilivyo. Unapoachia kanyagio, mota inageuka kuwa jenereta na kulizuia gari. Haligusi breki, na kile linachokizuia linakirudisha kwenye betri. Wenye petroli mbele yetu walikuwa wanakanyaga breki mpaka harufu inatufikia. Sisi tuliteremka kimya, na Badria akihesabu kwa sauti: nne, tano. Muda mrefu. Sita. Mamkubwa aliuliza kama nimetia mafuta bila ya yeye kuona. Tulipoona majumba ya Salala chini ya ukungu, ilikuwa saba.

Msikitini tulifika saa kumi na robo. Watu walikuwa wamekwishasali na wamekaa duara, sheikh katikati, bwana harusi upande wake, kanzu imenyooka. Ami Nassor alikuwa amekaa mkabala naye, mahali pa walii. Aliponiona mlangoni, na kanzu yangu imekunjamana na vumbi la uwanja wa malori liko kwenye pindo, aliinuka. Aliupiga mkeka kwa kiganja, akimaanisha nikae pale, akasogea kando.

Nilishika mkono wa yule kijana. Ulikuwa baridi kuliko wangu. Nilisema maneno, nikamtaja Zuwena kwa jina lake na la baba yetu, na sauti haikukatika mpaka nikamaliza. Baadaye, tukinywa kahawa, ami alinisogelea sikioni. "Redio yako," alisema, "leo imetoa habari njema." Na Zuwena, nilipoingia kumuona upande wa wanawake, ameshapambwa na hina mpaka viwikoni, alinishika mikono, akaona grisi kwenye kucha. Aliuliza kama tumekula.

Jumatatu tulianza kurudi. Safari hii kila penye mashine nilisimama, na kila penye foleni nilipanga. Pale nilipokuwa nimepita kwa kiburi nilikaa karibu saa tatu, nikamsaidia mtu wa Sohar ambaye waya wake ulikuwa umekwama, na sikuona nimepoteza kitu. Kwenye simu sasa nauliza shahan ya nini. Na nikiulizwa na wenzangu kama gari la umeme linafika Salala, nawaambia linafika, na linarudi, na halijaguswa na fundi mwingine.

Kwenye uwanja wa malori tuliingia na halwa ya harusi na chano cha biriani iliyopikwa asubuhi ile. Yule mtu wa mizani alitutambua, akacheka, akaita "shahan, shahan". Lakini Barasa hakuwepo. Jumamosi walikuwa wamempeleka bandarini Duqm, kwa muda, hawajui muda gani. Tuliwaachia wenzake chakula, nami nikaandika namba yangu kwenye boksi la soketi namba saba, kwa kalamu isiyofutika.

Amenipigia baadaye. Likizo bado hawajampa. Anataka kujua kama neno langu lipo. Nimemwambia lipo. Juzi mteja mmoja ameniachia betri nzima ya gari lililogongwa, na wanunuzi wawili wameshakuja kuiulizia. Nimeifunika turubai nyuma ya gereji na kuandika juu yake kwamba haiuzwi. Siku Barasa akishuka kituo cha basi Ruwi nitakwenda kumchukua mwenyewe, na hiyo ndiyo tutakayoifungua. Mpaka siku hiyo nadaiwa.